Niliulizwa Habari za Mtambwe Nikiwa Hamburg

Katika wiki ya tatu ya muhula, mwalimu wetu wa semina ya historia ya biashara ya Bahari ya Hindi alizima taa za darasani, akaonesha ukutani picha ya sarafu za fedha, ndogo na nyembamba mfano wa magamba ya samaki, zilizotandazwa juu ya kitambaa cheusi. Alieleza kwamba sarafu hizo, ambazo idadi yake inapita 2,000, zilifukuliwa mwaka 1984 katika kisiwa kidogo kilichoko ubavuni mwa Pemba, upande wa magharibi, pamoja na dinari chache za dhahabu za Makhalifa wa Kifatimia waliotawala Misri, na kwamba miongoni mwa zile za fedha zimo zenye jina la mtawala aliyeitwa Ali bin al-Hasan. Zilifichwa ardhini katika karne ya 11. Kisha akalitaja jina la mahali penyewe, Mtambwe Mkuu, akanitazama mimi, akasema: "Wewe unatoka Pemba. Hebu tueleze, pakoje hapo?"

Mimi nimezaliwa Mtambwe. Kutoka nyumbani kwetu hadi ufukweni ni mwendo mfupi wa miguu, na tangu utotoni nimekiona kisiwa hicho kila nilipokwenda kuokota kuni au kungojea ngalawa za wavuvi zirudi. Aidha, mimi ni mwanafunzi wa historia, mwaka wa tatu. Hata hivyo, jibu nililokuwa nalo lilikuwa moja tu: nilisema kwamba maji yakitoka unaweza kuvuka kwa miguu, na kwamba yakijaa unahitaji mtumbwi. Mwalimu aliandika maneno yangu katika daftari lake kwa makini, akanishukuru, akaendelea na somo. Hakuna aliyecheka wala aliyenilaumu. Lakini kwa saa nzima iliyobakia sikusikia chochote kilichosemwa, kwa sababu nilikuwa nikijiuliza imekuwaje watu kumi na wawili waliokaa chumba kimoja Hamburg wajue kilichozikwa mbele ya kijiji chetu, na mimi nisijue.

Habari ya muhula wangu wa ugenini naiandika kwa kuanzia hapo kwa sababu kila kitu kingine kilichonipata, baridi, upweke, chakula, karatasi za serikali, kilikuja kupangika kuizunguka siku ile.

Nafasi yenyewe niliipata kupitia mpango wa kubadilishana wanafunzi wa Umoja wa Ulaya unaoitwa Erasmus+. Chini ya mpango huo mwanafunzi hubakia kuwa wa chuo chake, halipi ada katika chuo kinachompokea, na hupewa posho ya kujikimu ya kila mwezi. Chuo chetu kiko Tunguu, Unguja, na mimi nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kupanda ndege. Kabla ya ndege palikuwa na mengi: meli kutoka Mkoani hadi Unguja, boti hadi Dar es Salaam kwa ajili ya viza, maana ubalozi wa Ujerumani uko huko, kutoa alama za vidole, kurudi Unguja, kisha kungoja. Posho ya mwezi wa kwanza ilichelewa, na fedha za nauli za kunivusha siku zile za mwanzo zilitoka kwa mama, aliyeuza bangili zake mbili bila ya kuniambia. Nilikuja kulijua hilo niliporudi. Ofisi iliyohusika siitaji, lakini anayeishughulikia posho ya mwanafunzi ajue kwamba ucheleweshaji wa wiki tatu hulipwa na mtu fulani, na mara nyingi mtu huyo ni mama.

Niliondoka Zanzibar mwishoni mwa Septemba 2023, nikapitia Addis Ababa hadi Frankfurt, na kutoka hapo nikapanda treni kuelekea kaskazini kwa zaidi ya saa nne.

Ya kiofisi nayapitia kwa haraka, kwa vile atakayekwenda atayakuta mwenyewe: lazima uiandikishe anwani yako kwa serikali ya mtaa ndani ya wiki mbili, lazima uwe na bima ya afya, na siku ya Jumapili maduka hufungwa, kwa hivyo asiyenunua chakula Jumamosi atashinda na alichonacho. Jambo moja la masomo linahitaji maelezo zaidi. Katika vyuo vya Ulaya muhula mzima huhesabiwa krediti 30, na kila krediti ni kazi ya saa 25 hadi 30. Saa hizo si za kukaa darasani. Darasani nilikaa saa chache kuliko Tunguu. Zilizobakia zilikuwa za kusoma peke yangu, kurasa arubaini au hamsini kwa wiki kwa somo moja, na kurudi semina nikiwa na la kusema. Na vipindi, ijapokuwa ratiba inasema saa nne, huanza saa nne na robo, kwa desturi ya zamani ya vyuo vyao, na ikishafika hiyo robo mwalimu ameshaanza kusema.

Nilichokipenda mwanzo katika mji ule kilikuwa ni maji. Hamburg iko mbali na bahari, yapata kilomita mia moja, na nilitarajia kuukuta mto kama mito ninayoisoma vitabuni, unaokwenda upande mmoja tu. Lakini mto wa Elbe hujaa na kupwa hadi pale mjini, mara mbili kwa siku kama bahari yetu. Gati za abiria zimejengwa zielee, zipande na kushuka pamoja na maji, na madaraja ya kuzifikia huinama sana maji yakipwa na kulala sawasawa yakijaa. Nilipoligundua hilo nilikuwa nikienda pale kila Jumamosi kutazama tu. Watu walikuwa wakipiga picha meli. Mimi nilikuwa nikitazama ukuta wa gati, pale palipobakia alama ya ukijani ya maji yaliyoshuka, na kukisia moyoni kwamba kwetu saa hiyo ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu. Mwezi unaoyavuta maji ni ule ule. Disemba ile, siku chache kabla ya Krismasi, dhoruba iliyasukuma maji ya bahari juu ya mto hadi soko la samaki likafunikwa, na wenyeji waliyachukulia mambo kwa utulivu wa watu waliozoea.

Jua, kwa upande mwengine, lilinishinda. Mwishoni mwa Disemba huchomoza yapata saa mbili na nusu asubuhi na kuchwa saa kumi jioni. Maana yake ni kwamba magharibi huingia saa kumi, na kati ya adhuhuri na magharibi mtu mwenye kipindi cha mchana hulazimika kuitafuta alasiri kwa macho mawili. Mwanafunzi mwenzangu wa Kituruki alinionesha chumba cha kimya chuoni ambacho wanafunzi wa dini zote wanaruhusiwa kukitumia, na siku za Ijumaa alinipeleka katika msikiti wa Waturuki ulioko mtaa wa St. Georg, wenye minara iliyopakwa rangi ya kijani na nyeupe. Khutba ilikuwa kwa lugha nisiyoijua, lakini ilipofika Fatiha nilisimama mahali ninapopajua. Baada ya sala kinamama walikuwa wakimimina chai, na mmoja wao, mtu mzima wa umri wa mama yangu, alikuwa akiniwekea kipande cha mkate ndani ya karatasi nende nacho nyumbani. Hatukuwa na lugha hata moja ya pamoja. Nilikuwa nikimwambia ahsante mama kwa Kiswahili, naye akinijibu kwa Kituruki.

Sasa nizungumzie karafuu.

Kwa ile semina kila mwanafunzi alitakiwa atoe wasilisho la nusu saa juu ya bidhaa moja ya Bahari ya Hindi. Wenzangu walichagua pembe za ndovu, nguo za Gujarat, vyombo vya udongo vya China. Mwalimu hakunilazimisha, lakini niliichukua karafuu mwenyewe, nikiamini kwamba hapo angalau niko nyumbani. Nilikaa maktaba siku mbili nikapata ya vitabuni: kwamba asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku, ambavyo leo vimo katika Indonesia; kwamba uliletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19 kutoka visiwa vya Mascarene, ambako Wafaransa walikuwa wameupanda; kwamba Seyyid Said bin Sultan aliueneza; na kwamba kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi na kuiacha ya Pemba, ndiyo sababu karafuu nyingi ya Zanzibar hadi leo inatoka kwetu. Nilikuwa nikijua kwamba inatoka kwetu. Sikuwa nikijua kwamba upepo wa siku moja ndio uliotupa kazi hii.

Kilichobakia kilikuwa ni kazi yenyewe, na hicho hakikuwamo vitabuni ila kwa sentensi mbili tatu. Nikampigia simu bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Baridi imekushika?"

Nikamwambia baridi ni ya kustahamilika, nikamuuliza: mkarafuu unachukua miaka mingapi hata uzae? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Weye si umezaliwa chini ya mkarafuu? Leo waniuliza mimi kwa simu?" Hakusema kwa ukali. Alisema kwa mshangao wa kweli, na mshangao ule uliniingia zaidi kuliko ungeniingia ukali.

Tulizungumza jioni tatu mfululizo, mdogo wangu akiwa ameishika simu. Bibi alinambia kwamba mti huanza kuzaa ukiwa na miaka sita au saba na huendelea kumlisha mtoto wa aliyeupanda na mjukuu wake. Alinambia kwamba karafuu ni tumba la ua, na kwamba huchumwa pale linapoanza kupata wekundu na kabla halijafunuka, kwa sababu likishafunuka limekwisha kazi. Hiyo ndiyo sababu msimu hauwezi kungojea mtu, hata msiba hufupishwa. Alinieleza upembo, ile fimbo yenye ncha iliyopinda, unavyolivuta tawi la mbali bila ya kulivunja, maana tawi la mkarafuu halipindi, hukatika ghafla na mtu aliyelikanyaga. Kaka yake alianguka hivyo, akaishi miaka kumi na moja akiwa hawezi kutembea. Mimi nilimjua mzee yule nikiwa mdogo, nikamjua kwa kile kitanda chake cha barazani, na sikuwahi kuuliza kilichompata.

Kisha akafika kwenye kuchambua, akaniambia nisijidai sikumbuki. Ni kweli nilikuwa nikikumbuka, lakini sikuwa nimewahi kuyaweka kwa maneno. Usiku, baada ya isha, pakacha humwagwa juu ya jamvi, na nyumba nzima hukaa kulizunguka, wanawake, watoto na majirani. Unakishika kichala kwa mkono mmoja, unakisukuma na kukizungusha juu ya kiganja cha mkono wa pili, tumba zinaanguka upande wako na makonyo, vile vijiti vinavyobeba tumba, unayatupa upande mwengine, kwa kuwa makonyo nayo ni mali, huuzwa na hukamuliwa mafuta. Ukifanya hivyo kwa saa tatu, kiganja kinakuwa cheusi na kinawasha, na harufu haitoki hata kwa sabuni. Siku ya pili skuli mwalimu anajua nani amechambua na nani amelala mapema. Asubuhi zinaanikwa. Jua la siku nne au tano likipatikana bila ya mvua, kilo tatu mbichi zinakuwa kilo moja kavu. Mvua ikizikuta, hupauka, na daraja linashuka.

Nilipomaliza kuandika nilitoka nikaenda dukani kununua karafuu za kuonesha darasani. Kwa Kijerumani zinaitwa Nelken, jina ambalo asili yake ni msumari mdogo, kwa umbo lake. Zilikuwa katika chupa ndogo ya kioo, gramu 30, kwa euro mbili na nusu, na kibandiko hakikusema zimetoka wapi. Nyumbani, jikoni, nilizimimina juu ya sahani. Zaidi ya nusu zilikuwa zimekatika vichwa. Nikafanya lile analolifanya bibi kwa mzigo wa mtu: nikaibana moja kwa ukucha kutazama kama itatoa mafuta. Haikutoa. Nikajaza bilauri ya maji, nikazitia karafuu ishirini, mwenzangu wa nyumba akiwa amesimama nyuma yangu anatazama. Iliyo nzima na yenye mafuta huzama au husimama wima majini, kichwa juu. Iliyokwisha mafuta hulala juu ya maji kama kijiti. Sita zilisimama. Kumi na nne zililala.

Nilimpelekea bibi picha ya ile bilauri. Alipiga mwenyewe safari hii, na swali lake la kwanza lilikuwa bei. Nikampigia hesabu: kwa bei ya chupa ile, kilo moja inapita euro themanini, yaani zaidi ya shilingi laki mbili. Bibi hakulalamika. Aliniuliza tu, taratibu, "Na zenyewe ndizo hizo zilizolala?"

Siku ya wasilisho nilileta bilauri, maji, na ile sahani, nikaeleza yote kwa utaratibu, kuanzia Maluku hadi jamvi la Mtambwe. Nilipomaliza, wanafunzi wote walipiga meza kwa vifundo vya vidole. Nilishituka, kisha nikaelezwa kwamba ndivyo wanavyopongeza chuoni badala ya kupiga makofi. Likaja swali moja kutoka nyuma. Mwanafunzi mmoja wa kiume aliuliza, kwa adabu kabisa: nani aliyekuwa akichuma zama hizo za Seyyid Said? Nilijibu kwamba ni watumwa walioletwa kutoka bara, na kwamba utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Mwalimu akaongeza kwamba mashamba mengi baadaye, baada ya Mapinduzi ya 1964, yaligawiwa wananchi eka tatu tatu. Hilo nalo nilikuwa nikilijua, kwani shamba letu ni la eka tatu. Usiku ule nilimuuliza bibi kwenye simu: kabla ya eka tatu shamba lile lilikuwa la nani, na watu wetu walikuwa wapi? Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Hayo uje uyaulize nyumbani. Si ya kwenye simu."

Hamburg na Zanzibar si wageni. Mwaka 1859 miji ya Hamburg, Bremen na Lübeck iliwekeana mkataba wa biashara na Sultani wa Zanzibar, na tangu kabla ya hapo kampuni za Hamburg zilikuwa na mawakala wao Mji Mkongwe, wakinunua hata makombe ya kauri ya pwani yetu na kuyapeleka Afrika Magharibi ambako yalitumika kama fedha. Maghala ya matofali mekundu yaliyoko bandarini, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1883 na ambayo kwa ajili yake wakaazi wapatao 20,000 waliondoshwa, yaliwekwa kahawa, chai, mazulia na viungo; UNESCO iliyatia katika urithi wa dunia mwaka 2015, miaka kumi na tano baada ya Mji Mkongwe wetu. Na hata lugha yetu ilitangulia. Maktaba nilikutana na habari ya Amur bin Nasur, Mzanzibari aliyefundisha Kiswahili Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1890 na kuandika kwa Kiswahili habari za safari yake, na ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Berlin kisha Hamburg. Nilikaa na jina la Amur bin Nasur siku nyingi. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini kabla yangu, mtu wa kwetu aliipata baridi ile ile, bila ya simu ya kumpigia bibi yake.

Lakini wa kwetu anayejulikana zaidi huko ni Bi Salme. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844, binti wa Seyyid Said. Aliondoka kwa siri mwaka 1866. Akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Hamburg aitwaye Ruete, akaingia Ukristo, akaitwa Emily. Mumewe akafa mwaka 1870 katika ajali ya tramu, akamwacha na watoto wadogo katika nchi asiyoimudu lugha yake. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Miaka mia kamili ya kifo chake iliangukia siku ambayo mimi nilikuwa bado niko mjini, nikaona si sawa nisiende.

Makaburi ya Ohlsdorf ni makubwa kiasi kwamba mabasi ya mji hupita ndani yake na yana vituo. Nilitembea chini ya miti isiyo na majani hata nikalipata kaburi la familia ya Ruete. Nilisimama hapo muda. Husimuliwa kwamba alizikwa pamoja na kifuko cha mchanga wa pwani ya Zanzibar alichokuwa amekihifadhi maisha yake yote, na mimi, niliyekaa miezi mitano tu na kulia usiku kwa ajili ya harufu ya udongo wa mvua ya vuli, niliuelewa mchanga ule bila ya kuelezwa.

Hata hivyo, nilikuwa nimeshazisoma kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1886, na humo aliutetea utumwa, na kuwaandika watu weusi kwa namna ambayo mtu mwenye ngozi yangu hawezi kuisoma na kupita. Mwaka 2019 Hamburg ilikipa kiwanja kimoja jina la Emily Ruete, na haukupita muda mrefu jina likaondolewa kwa sababu ya maandishi hayo. Wenzangu wa semina walibishana sana kama uamuzi ule ulikuwa wa haki. Mimi naona ulikuwa wa haki, na nilisema hivyo. Nilisema pia kwamba kumhurumia mwanamke aliyefiwa ugenini hakunizuii kuona nani aliyembebea maji utotoni. Kaburini sikutia ua. Nilimwombea Mungu anachokijua Yeye, nikarudi kupanda basi.

Nilirejea Zanzibar mwanzoni mwa Machi 2024, siku chache kabla ya Ramadhani. Chuoni nilikuta tatizo ambalo wenzangu wanaotarajia kwenda walijue mapema. Kabla ya safari, mwanafunzi na vyuo vyote viwili hutia saini mkataba wa masomo unaoorodhesha kila somo litakalohesabiwa. Wiki ya pili kule nililibadilisha somo moja kwa sababu lilikuwa kwa Kijerumani kitupu, mwalimu wa huko akakubali, lakini karatasi ya mabadiliko haikutiwa saini na upande wetu. Barua pepe zangu mbili hazikujibiwa, na mimi sikuzifuatilia kama nilivyopaswa. Matokeo yake ni kwamba somo nililofaulu vizuri halikuhesabiwa, na nimelazimika kulisoma jengine mwaka huu. Saini ile ifuatilieni hadi muione kwa macho.

Msimu wa mwaka ulipoingia, mwezi wa Julai, nilikwenda Pemba. Usiku wa pili, baada ya isha, pakacha zilimwagwa, nikakaa jamvini upande wa kulia wa bibi, daftari likiwa chini ya goti langu. Nikaanza na lililo jepesi. Nikamweleza zile sarafu za Mtambwe Mkuu, idadi yake, jina lililoandikwa juu yake, dhahabu ya Misri. Bibi aliendelea kuchambua.

"Wale wazungu niliwaona," akasema. "Wakivuka na majembe maji yakitoka. Sisi tulikuwa twachokoa pweza. Wazee walikuwa wakitwambia pale pana mji, tusichimbe."

"Mbona hukuniambia, bibi?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Nikanyamaza. Watoto walikuwa wameshaanza kusinzia, mama akawabeba mmoja mmoja ndani. Tulibaki mimi, bibi na taa. Ndipo nikamkumbusha lile swali la simu, la shamba kabla ya eka tatu. Akavipangusa viganja vyake kwenye kanga, akatazama mlangoni kama kuna anayesikia, kisha akaikunjua miguu yake juu ya jamvi.

"Bibi yangu mimi," akasema, "hakuwa akipajua alipozaliwa. Aliletwa mdogo, hata meno ya mbele hajaota ya pili. Alikuwa akikumbuka ziwa. Andika."

Nikalichukua daftari.